Gari la Ukoo na Uwanja wa Mzee Vitus

Melkizedeki alikuwa na miaka sitini na tatu, na kwa miaka tisa mfululizo hakuna aliyemwita Melkizedeki isipokuwa watu wa serikali. Kanisani alikuwa Dereva, sokoni Maore alikuwa Dereva, na mwaka ule alipougua mgongo, mchungaji aliposoma orodha ya wagonjwa alimtaja hivyohivyo: "Na tumwombee Dereva." Mungu, inaonekana, alielewa ni nani, maana mgongo ulipona.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla ya mwaka tisini na mbili, rangi ya maziwa yaliyoungua, mali ya ukoo mzima. Lilinunuliwa kwa ajili ya kushusha wagonjwa na maharusi kutoka kwetu mlimani hadi Maore, na kutoka Maore, kwa barabara ya chini inayopita Kisiwani, hadi mjini Same kwenye hospitali, ofisi na mabasi. Kwa kuwa lilikuwa mali ya ukoo, halikuweza kuishi bila kamati. Kamati ya Gari ilikuwa na wajumbe tisa. Hakuna hata mmoja aliyejua kuendesha, na hilo lilihesabiwa kuwa ni sifa: asiyejua kuendesha hana upande.

Aliyejua ni Melkizedeki peke yake. Alijifunza kwenye lori la shamba moja la mkonge huko tambarare, akalisukuma miaka ishirini na saba, akastaafu na saa ya ukutani. Wenzake waliostaafu naye walirudi mlimani wakawa wazee. Yeye alirudi akawa Dereva, na tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mzee akipita, watu humwamkia na kuendelea na mazungumzo yao. Dereva akipita, mazungumzo husimama, kwa sababu kila mmoja ana safari anayoifikiria.

Kwa hiyo moshi ulipoanza, mtu wa kwanza kukosa hamu ya kula alikuwa yeye.

Ulianza mwezi wa tatu, mwembamba, wa buluu, kama wa mtu anayevuta sigara nyuma ya choo cha shule. Mwezi wa nne ulikuwa umeshapata ujasiri. Mwezi wa tano bibi harusi mmoja alishuka mjini Same akinukia oili kiasi kwamba shangazi zake walimpulizia manukato ya kiume, hayo ndiyo yaliyokuwa karibu. Siku hiyohiyo, kijana mmoja wa bodaboda pale stendi alilitazama gari likipita na wingu lake, akauliza kwa sauti ya heshima, "Mzee, papa mpya amepatikana?"

"Sisi ni Walutheri," Melkizedeki alimjibu, akapandisha kioo.

Isidhaniwe kwamba gari lilikuwa limetelekezwa. Hakuna gari lililotunzwa kwa makini zaidi katika wilaya nzima. Kanuni ya saba ya Kamati ilisema oili ipimwe kila alfajiri ya safari, injini ikiwa ya baridi, mbele ya wajumbe wawili. Kanuni hiyo haikutungwa kwa sababu kuna aliyeiba oili. Ilitungwa kwa sababu oili ni kitu kinachoweza kuibiwa. Basi kila alfajiri Melkizedeki alichomoa stiki, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena, akaitoa na kuiinua, na wajumbe wawili waliojifunga mablanketi wakaisogelea kama watu wanaosomewa hukumu.

"Iko chini," alisema wa kwanza.

"Chini kabisa," alisema wa pili, ambaye hakuwa amevaa miwani.

"Ongeza, Dereva."

Na Dereva aliongeza. Oili haikuwa ya kutafuta. Kwetu mtu akiazima chungu cha jirani, hakirudishi kitupu; ataweka humo mahindi, maharage, hata majani ya mgomba, ili mradi chungu kisione haya. Desturi hiyo ilihamia kwenye gari bila kujadiliwa. Aliyeshusha mgonjwa alirudi na chupa ya oili. Aliyeozesha binti alirudi na mbili. Kwenye stoo ya ukoo chupa zilipangwa kwa safu, na ilionekana ni jambo la kheri kwamba gari lilianza kuzihitaji.

"Injini inakula oili," ndivyo ilivyosemwa, na kila mmoja akawa na elimu yake juu ya ugonjwa huo. Mwinjilisti alisema ni ringi za pistoni. Mwalimu mkuu alikuwa amesoma kwenye simu kwamba ni sili za valvu, akaisambaza habari hiyo kwenye kundi la ukoo, nayo ikajibiwa kwa ujumbe kumi na saba wa Amina. Fundi wa kwanza kule Same aliagiza injini ishushwe kabla hata Melkizedeki hajaizima. Wa pili alishauri oili nzito zaidi, ikawekwa, na moshi ukawa mzito zaidi.

Lakini maoni yaliyokuwa na nguvu ni ya Mzee Vitus, mwenyekiti wa Kamati. Mzee Vitus alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini, na kama watu wengi waliosikiliza kesi bila kuruhusiwa kuzihukumu, alistaafu akiwa na hukumu nyingi ambazo hazijatumika.

"Dereva," alisema kwenye kikao cha mwezi wa sita, "ukishuka mlima huwa unaweka gia gani?"

"Ya pili, Mwenyekiti. Pale kwenye kona mbaya, ya kwanza."

"Na injini huwa inafanyaje?"

"Inashika gari. Bila hivyo breki zitaungua."

"Sijauliza breki. Nimeuliza injini. Inalia au hailii?"

"Inalia, lakini..."

"Iandikwe kwamba inalia," Mzee Vitus alimwambia katibu. "Kitu kinacholia kinaumizwa. Na anayekiumiza yumo ndani anashika usukani."

Katibu, Mama Fortunata, muuguzi mstaafu, mwanamke wa maneno machache ambayo aliyatoa kama vidonge, moja moja na kwa saa maalumu, aliandika. Ikaazimiwa kwamba Melkizedeki alete gari lisilotoa moshi kufikia Jumamosi, la sivyo arudishe funguo na gari lipumzishwe. Gari lisilotembea, alieleza Mzee Vitus, halitoi moshi kamwe. Wajumbe waliona hoja hiyo ina uzito.

Nyumbani, mkewe Honorata alimpakulia makande, akamtazama akiyahamisha kutoka upande mmoja wa sahani kwenda mwingine.

"Baba Sifael, ukinyang'anywa hizo funguo utafanya nini?"

"Nitapumzika."

"Hapa?"

"Ni kwangu pia."

"Mimi nimekaa na wewe vizuri miaka tisa kwa sababu haupo," alisema Honorata. "Nenda Same kesho. Tafuta fundi anayeuliza maswali kabla ya kushika spana."

Kwa hiyo Alhamisi alishuka. Fundi aliyeelekezwa aliitwa Nassoro, mtu wa makamo, mwembamba, gereji yake ikiwa ni mwarobaini mmoja na sakafu ya zege iliyomwagwa vizuri pembeni ya barabara kuu. Nassoro alimwamkia, akamvutia kigoda, na hakufungua boneti.

"Unatoka lini, mzee, huo moshi? Ukiwasha asubuhi?"

"Asubuhi upo."

"Ukiwasha tu kisha ukakata, au unaendelea?"

"Unaendelea."

"Ukishuka mlima mrefu umeachia mafuta, halafu ukakanyaga kule chini, ndipo unamwaga wingu?"

Melkizedeki alifikiri. Miaka ishirini na saba ya mkonge ilimfundisha kutomjibu fundi anachotaka kusikia. "Hapana. Kule chini ni uleule. Unazidi nikishika barabara ya Kisiwani, tambarare, nikienda kasi."

"Basi si sili za valvu. Zile zikichoka hudondosha oili usiku, asubuhi moshi, halafu kimya. Au ukishuka mlima injini huinyonya, ukikanyaga inaitapika. Nani alikwambia sili?"

"Mwalimu mkuu."

"Anafundisha somo gani?"

"Uraia."

Nassoro alitikisa kichwa bila dharau. Akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Zote zilikuwa na oili, zote kwa kiasi kilekile. Akachukua geji ya kupima mgandamizo, akaifunga kwenye tundu la kwanza na kumwambia Melkizedeki apige starta. Wakafanya hivyo tundu kwa tundu. Kisha akadondosha oili kidogo ndani ya kila silinda na kurudia upya.

"Ringi zikiwa zimeliwa," alisema, "hii oili niliyodondosha ingeziba mwanya na geji ingepanda sana. Tazama. Imepanda kiduchu. Injini hii ina ringi nzima kuliko magari mengi ya hapa mjini. Mzee, umeitunza."

Melkizedeki alitazama pembeni. Hakuwa ameambiwa neno kama hilo tangu ile saa ya ukutani.

"Sasa oili inapita wapi?"

Nassoro alifungua boksi la chujio la hewa. Ndani palikuwa na kidimbwi, chujio limelowa kama andazi kwenye chai. Akaufuata mpira unaotoka juu ya injini kuja pale, ule ambao injini hupumulia, akaukamua kwa vidole viwili, na oili ikadondoka. Ndipo kwa mara ya kwanza alipochomoa stiki. Akaifuta, akaichovya, akaitoa. Akaitazama muda mrefu. Alama ya juu ilikuwa imezama. Oili ilipanda vidole viwili kuivuka.

"Nani anapima hii?"

"Mimi. Kila alfajiri. Mbele ya mashahidi wawili."

"Mashahidi," Nassoro alirudia.

"Ni kanuni. Na kila mara iko chini."

"Mzee, hapa imejaa mpaka krankshafti, ule mhimili unaozunguka ndani, inaipiga kama mtu anayekoroga mayai. Inatoka povu, povu linapanda kwenye mpira, linaingia kwenye hewa, injini inaunguza. Gari lako halili oili. Linalishwa." Akakaa juu ya tairi. "Hapo mnapopimia pakoje?"

Nassoro hakungoja jibu. Alilisogeza gari mbele hadi magurudumu ya mbele yakapanda juu ya mbao zake nene za kuingilia uvunguni, pua ya gari ikaelekea juu. Wakasubiri dakika kumi wakinywa chai. Akachomoa tena stiki, ambayo kwenye injini ile imekaa upande wa mbele. Oili yote ilikuwa imekimbilia nyuma ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ncha ililowa kidogo tu, chini ya alama ya chini.

"Ongeza, Dereva," alisema Melkizedeki polepole, kwa sauti ya mjumbe wa kwanza.

Hapo ndipo alipoelewa yote, na alitamani asingeelewa. Zamani gari lililala kwenye uwanja wa shule, sehemu pekee kwetu ambako mpira ukiwekwa chini hubaki ulipowekwa. Mwezi wa pili Mzee Vitus alihoji usalama wake, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakiandika majina kwenye vumbi la vioo, akajitolea lilale uani kwake. Uani kwake palikuwa na mteremko wa kutosha mbuzi kuteleza. Basi uliitishwa msaragambo: watu arobaini, Ijumaa tatu, majembe na matoroli, wakakata juu wakajaza chini. Mchungaji alikuja kuuombea uwanja. Kibao kikapigiliwa: Maegesho ya Gari la Ukoo, na gari likalazwa hapo pua ikitazama mlimani. Tangu siku ile ulitajwa kwa jina moja tu, Uwanja Uliosawazishwa, na hakuna aliyefikiri kuuangalia, kwa sababu ulikuwa umeshasawazishwa.

Nassoro alimwaga oili iliyozidi ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikajaa. Alisafisha ule mpira na valvu yake kwa petroli, akafunga chujio jipya, akakausha plagi. Alipowasha, moshi ulitoka uleule.

"Usiogope. Ni oili iliyoganda kwenye eksozi, lazima iungue kwanza. Kimbiza gari hadi Kisiwani." Kisha akajifuta mikono. "Gari nimelitibu, mzee. Huo uwanja haumo kwenye ufundi wangu."

Melkizedeki alikimbiza, macho kwenye kioo zaidi ya barabara. Hadi nje ya mji wingu lilimfuata. Karibu na Kisiwani lilibaki kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi. Baada ya hapo kwenye kioo alibaki mchungaji mmoja wa ng'ombe, ambaye aliwavusha wanyama wake na kusimama akilitazama gari kwa mashaka, kama kwamba amekosea na hili ni jingine.

Jumamosi kikao kilikaa pale pale, kwenye Uwanja Uliosawazishwa, kuzunguka meza ya Mzee Vitus. Melkizedeki alipewa ruhusa ya kuwasha. Mama Fortunata aliweka leso nyeupe mbele ya bomba la eksozi kwa dakika tatu, akaichunguza mbele na nyuma kama kipimo cha maabara.

"Masizi kidogo. Oili hakuna."

Wajumbe walipiga makofi. Mzee Vitus alingoja yaishe.

"Limepona. Tunamshukuru Mungu. Sasa muhtasari unataka sababu. Dereva, nakurahisishia. Sema umebadilisha namna ya kushuka mlima, uombe radhi, tufunge."

Melkizedeki alizitazama funguo zilizokuwa mezani. Akisema hivyo, alikuwa mkosaji aliyetubu, na kanuni ya nne ilimnyang'anya mkosaji funguo, awe ametubu au hajatubu.

"Nimeshuka na gia ileile, Mwenyekiti. Fundi amepunguza oili. Ilikuwa imezidi."

"Nani aliizidisha?"

"Mimi. Kwa kuagizwa na mashahidi wawili."

Mashahidi wote wa tangu mwezi wa pili walikuwa pale. Kila mmoja aligundua kitu cha kutazama kwenye viatu vyake.

"Mashahidi waliona iko chini," alisema Mzee Vitus.

"Ilikuwa chini kweli. Hapa. Kule Same imezidi vidole viwili. Ni oili ileile, gari lilelile."

"Unataka kusema nini kuhusu hapa?"

Watu arobaini, Ijumaa tatu, mchungaji, kibao. Melkizedeki aliwaza kusema alichokuja nacho, akawaza pia jinsi mtu anavyoonekana akishuka mlima kwa miguu, na akabaki katikati ya mawazo hayo mawili. Aliyesema ni Mama Fortunata, bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Mwenyekiti, kalamu yangu imeanguka tena. Naomba kujua kama niandike pia hayo mawe matatu yaliyo chini ya miguu ya meza."

Wajumbe waliyatazama mawe. Walikuwa wakiyaona tangu mwezi wa pili. Mmoja wao ndiye aliyeyaleta. Mzee Vitus aliyatazama kwa muda mrefu kuliko wote, na usoni mwake ilipita miaka thelathini ya kesi ambazo mwisho wake aliujua kabla ya hakimu.

"Uwanja huu ni tambarare," alisema hatimaye. "Umesawazishwa na wananchi na umeombewa. Hilo halijadiliwi."

"Halijadiliwi," walisema wajumbe.

"Kwa hiyo kilichoinama ni gari."

Wajumbe walijaribu kuielewa hukumu hiyo, wakagundua kwamba wana haraka ya kuikubali. Mwinjilisti alisema ni kweli, magari ya zamani huinama. Mwalimu mkuu alisema amewahi kusoma hivyo. Ikapendekezwa kwamba, kwa sababu ya kuinama kwake, gari lilale na kupimwa kwenye uwanja wa shule, ambako halitamsumbua mtu, na kwamba Uwanja Uliosawazishwa ubaki kwa shughuli nyingine zitakazotajwa.

"Dereva unakubali kwamba gari limeinama?" aliuliza Mzee Vitus. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa akiuliza kwa kuomba.

Melkizedeki alifikiri kama alivyofikiri mbele ya Nassoro.

"Nakubali, Mwenyekiti. Likiwa hapa, limeinama."

"Iandikwe 'limeinama'," Mzee Vitus alimwambia katibu upesi. "Inatosha."

Mama Fortunata aliandika, akazisukuma funguo kuvuka meza kwa ncha ya kalamu. Hazikuhitaji kusukumwa sana; upande ule zilijiteremkia zenyewe.

Jioni Honorata alikuwa ameshapata habari yote, na alikuwa akimngojea mlangoni.

"Nimesikia umesimama mbele ya wazee wa ukoo ukasema gari limepinda."

"Limeinama."

"Umedanganya kikao, Baba Sifael. Kwa ajili ya funguo."

"Sijadanganya," alisema Melkizedeki, akizitundika kwenye msumari wake. "Gari lililoegeshwa kwa Vitus limeinama. Angeniuliza na uwanja, ningemjibu pia. Hakuniuliza."

Honorata aliipima hoja hiyo, akaona anaweza kuishi nayo, hasa ikiwa mwenyewe hatakuwepo.

"Kesho unakwenda wapi?"

"Same. Mwenyekiti ana safari."

"Atakaa mbele?"

"Ameomba," alisema Dereva, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akamaliza makande.